Bombo: Kijiji cha Askari na Lugha Yao



Msafiri atokaye Kampala kwenda kaskazini, akishapita Kawempe na Matugga, hufika Bombo baada ya mwendo wa kiasi cha kilomita 35. Aghalabu wapitao hapo huona kambi ya jeshi, huona maduka ya kando ya barabara, kisha huendelea na safari ya Luweero na Gulu wakidhani kuwa wameiona Bombo. Kwa hakika hawajaiona. Bombo yenyewe imo nyuma ya barabara: katika nyua za nyumba, katika misikiti, na katika vinywa vya wanawake wanaosuka vitanga vya rangi huku wakizungumza lugha ambayo si Kiganda, wala si Kiswahili, wala si Kiarabu cha vitabuni. Hao ndio Wanubi. Leo Bombo huhesabiwa kuwa mji wenye baraza lake katika wilaya ya Luweero, lakini maisha ya wenyeji wake yangali ya kijiji: mtu huulizwa kwanza ni mtoto wa nani, ndipo aulizwe jina lake.

Ni wajibu wa Waislamu wa Kampala kuijua habari ya jirani huyu wa karibu. Wengi humsema, na wachache humjua.

Asili ya Wanubi si kabila moja. Katika karne ya 19 dola ya Misri ilitawala Sudan, ikaeneza mamlaka yake kusini mpaka nchi za mto Nile wa juu, katika jimbo lililoitwa Ikweta. Jeshi la dola hiyo lilijazwa watu wa kusini: Wabari, Wamoru, Wamakaraka, Wadinka, Wakakwa, Walugbara na wengineo. Baadhi yao waliingia kwa hiari. Wengi walikamatwa utumwani au walilazimishwa kushika bunduki. Walitoka katika lugha mbalimbali na dini mbalimbali za mababu zao. Jeshini walisilimu, wakaoa, wakazaa, na amri wakazipokea kwa Kiarabu. Basi kambi ikawa ndiyo kabila lao.

Tangu mwaka 1878 mkuu wa jimbo hilo alikuwa Emin Pasha, Mjerumani ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Vita vya Mahdi vilipozuka, na Khartoum ikaanguka Januari 1885, Ikweta ilikatwa na dunia. Emin akarudi nyuma kuelekea kusini pamoja na askari wake. Mwaka 1888 Stanley alifika kumtafuta, na mwaka 1889 wakaondoka pamoja mpaka Bagamoyo. Lakini sehemu kubwa ya askari waliachwa nyuma, wakiwa na wake zao na watoto wao, chini ya wakubwa wao wenyewe. Mmojawapo alikuwa Selim Bey, aliyepiga kambi Kavalli, karibu na Ziwa Albert.

Septemba 1891 Kapteni Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alifika Kavalli akitafuta askari. Hapo pana jambo moja la kutazamwa vema. Watu hao walikuwa wameachwa miaka miwili na zaidi; nguo zao zilikuwa ngozi na vitambaa walivyofuma kwa mikono yao; mshahara haukuwapo, na habari za serikali yao hazikuwapo. Hata hivyo Selim Bey alimwambia Lugard kwamba yeye ni askari wa Khedive wa Misri, na hawezi kuingia chini ya bendera nyingine mpaka apate idhini ya bwana wake. Ikabidi wapatane kwamba barua itapelekwa Misri kuomba idhini hiyo. Mtu aliyesahauliwa na dola yake hakuisahau yeye ahadi aliyoitoa. Ndipo walipoondoka na Lugard, watu zaidi ya 8,000, ambao askari wenyewe walikuwa mamia machache tu, na waliobaki wote ni wanawake, watoto, na wafuasi. Kwa hiyo haikufaa kuliita hilo jeshi. Lilikuwa taifa zima linalotembea kwa miguu.

Waligawanywa katika ngome za Toro, kisha wengine wakaletwa Buganda. Mwaka 1893 Selim Bey mwenyewe alituhumiwa kuwa anashirikiana na Waislamu wa Kiganda dhidi ya serikali. Akakamatwa, akapelekwa pwani hali ni mgonjwa, akafa njiani huko Naivasha. Mwaka 1897 yakaja maasi makubwa. Askari walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha. Ujira wao ulikuwa mdogo, ukicheleweshwa, na mara nyingi ukilipwa kwa nguo badala ya fedha. Tena waliamrishwa kwenda safari nyingine ya mbali pasipo kuchukua wake zao. Wakaasi, wakaishika ngome ya Luba katika Busoga, na tarehe 19 Oktoba 1897 wakamwua Meja Thruston, mkubwa wao aliyejua lugha yao na aliyekwenda kwao kwa kuwaamini. Vita vikaendelea mpaka mwaka 1898, na askari wa Kihindi wakaletwa kuvizima. Katika vita hivyo Mwanamfalme Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu wa Buganda, alikataa kujiunga na waasi.

Habari hii hapana budi isemwe yote, maana historia isiyotaja ila sifa ni utenzi wa harusi. Waliokuwa na haki ya kudai mishahara yao walimwaga damu ya mtu aliyewajia bila ya kuwaogopa. Na serikali iliyolia kwa ajili ya damu hiyo ndiyo iliyokuwa imewalipa kwa vitambaa. Katika yote mawili limo fundisho.

Mwaka 1902 vikosi vya Uganda viliingizwa katika jeshi la King's African Rifles, na kikosi cha nne ndicho kilichokuwa cha Uganda. Makao yake yakawekwa Bombo. Askari waliomaliza muda wao walikaa papo hapo pamoja na ahali zao, wakalima, wakafanya biashara, na wana wao wakaingia jeshini kama baba zao. Hivyo ndivyo kijiji kilivyozaliwa. Wana wa Bombo walipigana katika Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918, na tena katika ile ya 1939 mpaka 1945. Baadaye makao ya kikosi yakahamia Jinja. Bendera ya kikosi ikaondoka, na kijiji kikabaki.

Wanubi hawakukaa Bombo tu. Mitaa yao ilijengwa Hoima, Masindi, Gulu, Arua, na kwingineko palipokuwa na ngome. Na upande wa Kenya palikuwa na Kibera, Kisii na Eldama Ravine. Katika miji mingi ya kaskazini ya Uganda Uislamu ulianza kujulikana kwa jirani wa Kinubi: mwenye duka, fundi cherehani, askari mstaafu anayeadhini alfajiri. Hawakuwa maulamaa wenye vitabu vingi. Walihubiri kwa kuswali, kwa kuoa, na kwa kumkaribisha mgeni chakula.

Na chakula hicho kina heshima yake. Mwanamke wa Kinubi hupika kisra, mkate mwembamba unaofanana na chapati za maji, ambao unga wake huachwa uchache kwanza. Hukiandaa katika sinia na kukifunika kwa tabaga, yaani kawa iliyosukwa kwa mizunguko na kutiwa rangi nyekundu, kijani, zambarau na manjano, kwa mapambo ambayo binti hujifunza kwa mama yake bila ya kuandikiwa. Katika harusi tabaga hizo ndizo zinazoonyesha daraja ya nyumba. Mume alikuja na bunduki, na bunduki ikarudishwa ghalani alipostaafu. Lakini mke alikuja na sindano ya kusukia, na hiyo haikurudishwa kwa mtu.

Tukufu zaidi ya hayo ni lugha. Kinubi kilizaliwa kambini, watu wa lugha nyingi walipolazimika kuelewana kwa Kiarabu ambacho hakuna aliyefundishwa darasani. Maneno yake mengi sana ni ya Kiarabu, lakini sarufi yake ni nyingine. Mwarabu husema aruhu, taruhu, yaruhu, kwa maana ya naenda, waenda, aenda. Mnubi husema ana gi rua, ita gi rua, uo gi rua, na kitendo chenyewe hakibadiliki. Akitaka kusema kwamba atakwenda, husema ana bi rua, basi yamekwisha. Kiswahili nacho kimeingia humo kwa wingi. Na msikiaji wa Kiswahili huweza kushangaa anapomsikia mtoto wa Bombo akiomba moyo hali ana kiu. Maana moyo kwa Kinubi ni maji.

Wako Waislamu wanaoicheka lugha hiyo wakisema kuwa ni Kiarabu kilichovunjika. Kauli hiyo si ya haki. Kiswahili nacho kimechukua maneno mengi ya Kiarabu, na hakuna mwenye akili akiitaye Kiarabu kibovu. Wanachuoni wa lugha wameitafiti Kinubi cha Kibera na kuandika habari zake mwaka 1982, na mwaka 2005 kikatoka kitabu kizima juu ya Kinubi cha Uganda. Wageni wamesafiri mbali kuijifunza, ilhali jirani wa kilomita 35 huiona si kitu.

Sasa yaja masaibu. Serikali ya mkoloni iliwaita watu hawa Wasudani, jina la mgeni, ijapokuwa watoto wao walizaliwa Bombo na baba zao kuzikwa Bombo. Katika utawala wa Idi Amin, tangu 1971 mpaka 1979, Wanubi kadhaa walipata vyeo na mali; na kwa ajili ya hao, watu wote wa Kinubi walihesabiwa kuwa ni kitu kimoja na utawala ule. Amin alipoanguka mwezi Aprili 1979, kisasi hakikuuliza nani alitenda na nani hakutenda. Wengi walikimbilia Sudan, Zaire na Kenya. Kisha vita vya msituni vya 1981 mpaka 1986 vikaichoma nchi yote ya Luweero. Baada ya 1986 watu wakaanza kurudi, mmoja mmoja na nyumba kwa nyumba, wakakuta kuta zilizoanguka na magugu juu ya makaburi.

Hapo ndipo panapoonekana mashaka ya jamii ndogo. Mtu wa kabila kubwa akikosea, husemwa kuwa fulani amekosea. Mtu wa jamii ndogo akikosea, husemwa kuwa hao ndivyo walivyo. Waislamu wa Uganda, ambao nao ni wachache katika nchi, wamepata kuionja dhulma hiyo ya kuhukumiwa kwa jumla. Basi wao ndio waliostahili zaidi kutoitenda kwa jirani yao.

Katiba ya mwaka 1995 iliwaandika Wanubi miongoni mwa jamii za wenyeji zilizokuwamo katika mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Jambo hilo si dogo. Kwa neno moja la sheria, mjukuu wa askari aliyetembea kutoka Kavalli amekuwa mwenye nchi, si mgeni anayevumiliwa. Huko Kenya, ndugu zao wa Kibera walingoja mpaka mwaka 2017 ndipo walipopewa hati ya ekari 288, ingawa walikaa hapo zaidi ya miaka mia.

Lakini katiba humlinda mtu, haimsemeshi. Vijana wa Bombo huja Kampala kutafuta kazi, huoa na kuolewa na watu wengine, na jambo hilo ni la kheri. Ila watoto wao hukua kwa Kiganda na Kiingereza, na bibi akifa, neno hufa naye. Kwa hiyo yapo mambo matatu yafaayo kutendwa. Kwanza, wazee wasikilizwe na habari zao ziandikwe pamoja na majina ya koo na ya ngome, kabla hawajaondoka. Pili, Kinubi kiandikwe na kisomwe, japo kwa hadithi fupi za watoto, na madrasa zisiwaonee haya watoto wakikitamka. Tatu, kila nyumba ihifadhi karatasi zake: vyeti vya utumishi, vya kuzaliwa, na vya viwanja. Aliyewahi kuitwa mgeni katika nchi yake anajua thamani ya karatasi.

Wahenga wamesema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Bombo inaleta maana nyingine juu ya methali hiyo. Babu zao hawakuacha asili, walinyang'anywa. Walitiwa utumwani, wakatiwa jeshini, wakaachwa na dola moja na kutumiwa na nyingine. Na kwa mabaki ya hayo yote, yaani sala, lugha, sinia na kawa juu yake, wakajifanyia asili mpya kwa mikono yao. Asili ya namna hiyo haina mlima wala mfalme wa kuilinda. Hulindwa na wale wanaoitumia kila siku, na ikiachwa kizazi kimoja tu, hapana pa kwenda kuichukua tena.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, waliokufa njiani na waliozikwa Bombo, na awajaalie walio hai kupatana na jirani zao. Amin.