Viashiria vya Protini katika Saratani ya Tumbo: Majibu Huanzia kwenye Chupa ya Sampuli

Mada kwa semina ya watumishi wa afya, Kingolwira, Morogoro



1. Utangulizi

Kiashiria ni protini ambayo kuwepo au kukosekana kwake kwenye seli za saratani hutuelekeza kwenye tiba. Huonekana kwa kupaka kingamwili maalumu kwenye kinyama kilichokatwa vipande vyembamba. Hayo mnayafahamu.

2. Viashiria muhimu

HER2 hupewa alama 0 hadi 3+. Ikiwa 2+, jeni yenyewe hupimwa. Utafiti wa ToGA wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa wagonjwa wenye HER2 nyingi waliopata trastuzumab pamoja na kemotherapi waliishi mediani ya miezi 13.8, dhidi ya 11.1 kwa kemotherapi pekee. Vipo pia PD-L1, klaudini 18.2, na protini nne za kurekebisha DNA: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6.

3. Tatizo letu

Mada hii hainyooshei kidole kituo chochote. Lakini jambo la kuhifadhi sampuli tumelisema kila kikao, na chupa zinazofika ni zilezile.

Kinyama huletwa ndani ya maji ya chumvi. Kingine kimezamishwa kwenye fomalini isiyo na bafa, ambayo hugeuka asidi na kuharibu protini. Kingine kimeingizwa laini kwenye chupa ya shingo nyembamba; kinakakamaa humo, na mpokeaji hana budi kuipasua chupa. Jina limeandikwa kwenye kifuniko, saa ya kuchukua sampuli haipo.

Madhara yake si ya maabara pekee. Protini ikiharibika, kingamwili haishiki, na jibu linasomeka "hasi". Daktari hawezi kujua kama mgonjwa hana HER2 au sisi ndio tumeiua njiani. Zaidi ya hapo, HER2 ya tumbo hukaa kwa mabaka. Kipande kimoja kinaweza kuikosa kabisa.

Umbali nao si kisingizio. Kingolwira ipo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam, na tangu Juni 2024 treni ya SGR inafika Morogoro.

4. Mapendekezo

1. Kinyama kiingie kwenye fomalini ndani ya saa moja.
2. Itumike fomalini ya 10% yenye bafa. Kwa lita moja: mililita 100 za fomalini kali, maji yaliyotoneshwa mililita 900, sodiamu fosfeti yenye hidrojeni mbili (ya monohidrati) gramu 4 na ile ya hidrojeni moja, isiyo na maji, gramu 6.5.
3. Fomalini iwe mara kumi ya ujazo wa kinyama.
4. Kinyama kikae humo saa 6 hadi 72, kisizidi.
5. Endoskopia ichukue vipande 6 hadi 8 vya uvimbe.
6. Chupa ziwe za mdomo mpana.
7. Jina liandikwe ubavuni mwa chupa, si kwenye kifuniko.
8. Fomu ionyeshe saa ya kuchukua na saa ya kuzamisha.
9. Kila kituo kiwe na mtu mmoja anayewajibika kwa usafirishaji.
10. Chumvi za bafa ziingizwe kwenye maoteo ya mwaka ya dawa na vifaa.
11. Maabara inayopokea iruhusiwe kuandika "sampuli haifai" badala ya "hasi".
12. Maji ya chumvi yasitumike. Narudia: yasitumike.

Nakala za pendekezo la 2 zipo mezani. Zibandikwe kwenye vyumba vya upasuaji na endoskopia. Nawasilisha.