Tusiwaite Wazee Wetu Wahafidhina

(Haya ni maneno niliyozungumza na vijana wa chama Sumbawanga Mjini mwanzoni mwa Oktoba 2024. Makamanda kadhaa waliokosa nafasi waliomba yaandikwe, basi nimeyaandika karibu yalivyokuwa.)

Pipooooz! ... Asanteni. Mlioko mlangoni sogeeni mbele, kuna nafasi huku.

Mimi si kiongozi. Ni mwanafunzi wa sheria, naingia mwaka wa tatu, na nipo nyumbani likizo mpaka chuo kifunguliwe. Niliitwa hapa nieleze kanuni za uchaguzi wa serikali za mitaa. Nitazieleza, msiwe na wasiwasi. Ila naomba nianze na bibi yangu.

Bibi anaishi kijiji kimoja upande wa Laela. Kijiji sitakitaja, na wahusika sitawataja. Ndani ya sanduku lake, chini ya vitenge, kuna kadi ya TANU. Imechakaa lakini hairuhusu mtu kuigusa. Jumapili yupo kanisani mapema kuliko katekista. Ukimwambia habari za maandamano anakuuliza kama umekula. Kwa lugha yetu ya kwenye magrupu ya WhatsApp, huyo ni mhafidhina kamili. "Hao wazee wa kijani, achana nao." Si ndivyo tunavyosema?

Mwaka 2019 baba mdogo aliamua kugombea uenyekiti wa kitongoji kwa tiketi ya chama chetu. Tulidhani bibi atanuna. Akasema, "Huyu namjua, hajawahi kuiba hata muhindi mmoja. Nitampa kura yangu." Hakuzungumza habari za chama kabisa.

Baba mdogo akajaza fomu, akairudisha. Baadaye akaambiwa ameenguliwa. Sababu? Ameandika jina la chama kwa kifupi. Akapanda baiskeli kwenda kukata rufaa, akakuta ofisi imefungwa. Kesho yake imefungwa. Siku ya tatu akaambiwa muda umekwisha. Haya hayakuwa ya kwetu peke yetu, mnakumbuka nchi nzima ilivyokuwa. Chama kikatangaza kujitoa. Siku chache baadaye Waziri wa TAMISEMI wa wakati ule, Selemani Jafo, akatangaza kwamba walioenguliwa waruhusiwe kugombea. Baba mdogo alisikia redioni. Akakaa kwenye kigoda, akaniuliza, "Sasa nimfuate nani? Waziri amesema nirudi, chama kimesema nitoke."

Tarehe 24 Novemba 2019 bibi alivaa kitenge chake kizuri akatoka kwenda kupiga kura. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne siku hizohizo, nikamsindikiza. Tulipofika tukaambiwa, "Bibi rudi nyumbani, hapa mgombea amepita bila kupingwa." Bibi akauliza, "Umekwisha na mimi sijapiga?"

Hakuna aliyemjibu. Na mimi sikuwa na jibu.

Matokeo ya mwaka ule mnayajua: chama tawala kilichukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji na vitongoji. Sasa nataka tuelewane hapa. Sisemi viongozi wetu walikosea kujitoa. Walikuwa na sababu, na sababu zenyewe ni kama ile ofisi iliyofungwa siku tatu. Lakini bibi hakuwa kwenye kikao cha Kamati Kuu. Yeye alichoona ni kwamba kura yake ilipotea, na miaka mitano iliyofuata mwenyekiti wa kitongoji akawa mtu ambaye hakuna aliyemchagua. Tukirudi kwake mwaka huu kuomba kura, tukumbuke kwamba ana swali linalosubiri jibu tangu 2019.

Sasa hili neno wahafidhina.

Kama Rukwa ni ya wahafidhina wasiobadilika, nielezeni 2010. Mpanda Mjini, wakati huo bado ipo ndani ya Mkoa wa Rukwa, kabla Katavi haijawa mkoa 2012, ilimpeleka bungeni Said Arfi wa chama chetu. Nielezeni na Oktoba 28, 2020. Uchaguzi ule mgumu kuliko yote tuliyoiona, chama chetu kilipata jimbo moja tu la uchaguzi nchi nzima. Moja! Halikuwa Dar es Salaam, halikuwa Arusha, halikuwa Moshi, wala si Mbeya Mjini. Lilikuwa Nkasi Kaskazini, hapa kwetu, Namanyere na Kirando huko. Na aliyeshinda ni mwanamke, Aida Khenani. Walimchagua wakulima na wavuvi haohao tunaosema hawaelewi.

Kwa hiyo wazee wetu hawajafungwa kamba na chama. Kuna vitu wanavihifadhi, ndiyo, na wanampa kura wanayemwamini atavihifadhi. Vitu gani? Mimi nimewasikiliza, navitaja vitatu.

Cha kwanza ni ardhi. Hapa Ufipa hakuna asiyejua mgogoro wa shamba la Malonje, na hakuna mzee anayetaka wajukuu wake wawe wapangaji kwenye udongo wa babu yao. Cha pili ni jasho la mahindi. Mkoa huu unalisha nchi, halafu mkulima anajaziwa gunia la lumbesa mpaka linatoa kilemba, analipwa kama gunia la kawaida. Sheria ya vipimo inakataza, na kila msimu tunaiona barabarani. Cha tatu ni heshima ya mkutano. Mzee anataka mambo ya kijiji yasemwe mbele ya watu, mapato na matumizi yasomwe, aliyekula ajulikane.

Sasa nikiwa darasani nilisoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na nikacheka peke yangu, maana niliona bibi anaongea sheria bila kujua. Kifungu cha 8 kinasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji kwanza. Mkutano mkuu ni nyinyi: kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Kifungu cha 3 kinampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanaume. Na mkutano huo unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Haya, nyosheni mikono: nani hapa kijijini kwao mkutano mkuu umeitishwa mara nne mwaka huu?

... Naona mikono miwili. Kati yetu wote humu.

Ndiyo maana uchaguzi wa Novemba 27 si mdogo. Tunazoea kusema uchaguzi mkubwa ni wa mwakani, wa Rais na wabunge. Lakini mbunge haitishi mkutano wa kijiji. Anayeuitisha au kuukalia ni mwenyekiti wa kijiji. Wanaokaa mezani mwekezaji anapokuja na ramani ni halmashauri ya kijiji, watu 15 mpaka 25. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka yanafika au yanaishia njiani kutegemea nani amekaa pale.

Wenzetu wa chama tawala wanalijua hili tangu enzi za TANU. Wana balozi wa nyumba kumi. Ukifiwa, balozi ndiye wa kwanza kufika, na daftari lake, anaandika michango, anapanga nani achote maji. Sisi tunafika kijijini mara moja kwa mwaka na spika juu ya gari, tunapiga muziki, tunaondoka na vumbi letu. Halafu tunashangaa. Jamani, msiba wa jirani hauhitaji kibali cha polisi. Palizi ya mama mjane haihitaji kibali. Kumsomea mzee barua ya benki au ya halmashauri, maana macho yameisha, haihitaji kibali. Chama chetu kinasema kinaanzia kwenye msingi. Basi tuwe na watu kwenye msingi, na si majina kwenye karatasi tu.

Sasa kanuni, kama nilivyoahidi. Andikeni.

Uchaguzi huu unasimamiwa na TAMISEMI. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, Na. 2 ya 2024, imeitaja kazi ya kusimamia uchaguzi wa serikali za mitaa, lakini ikaiacha isubiri sheria nyingine itakayotungwa na Bunge. Wengine mnauliza habari za mahakama. Mei 2019, katika kesi ya Bob Wangwe, Mahakama Kuu ilisema wakurugenzi wa halmashauri hawafai kusimamia uchaguzi. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Kesi ile ilihusu uchaguzi mkuu, lakini inaonyesha hili swali la refa ni la siku nyingi na halijapata jibu la kuturidhisha.

Kuanzia Oktoba 11 hadi 20 ni kuandikisha wakazi kwenye daftari la kitongoji au mtaa. Hili ni daftari lingine kabisa! Kadi ya mpiga kura ya Tume haitoshi. Usipoandikwa kwenye hili, Novemba 27 utarudishwa nyumbani kama bibi. Fomu za wagombea ni Oktoba 26 hadi Novemba 1. Uteuzi Novemba 8. Kampeni Novemba 20 hadi 26. Kupiga kura unahitaji miaka 18, kugombea 21. Wengi humu mmeshafika 21, nawaona mnaangalia chini.

Kwa wagombea: andika jina la chama kwa kirefu, kama lilivyo kwenye usajili. Majina yako yafanane na yale uliyojiandikishia. Usiache nafasi wazi hata moja. Fomu ichukuliwe siku ya kwanza, irudishwe mapema, usisubiri siku ya mwisho saa tisa na nusu. Toa nakala kabla ya kurudisha. Nenda na shahidi. Omba aliyepokea asaini na aandike saa. Ukikuta ofisi imefungwa, piga picha ya mlango, andika malalamiko palepale, tarehe na saa, shahidi asaini. Ukienguliwa, omba sababu kwa maandishi. Pingamizi na rufaa zina siku zake chache, usizipoteze kwa kulalamika kijiweni. Na kila kitongoji tuwe na mtu wa pili anayejua kazi hii, wa kwanza akiumwa au akitishwa.

Kuna kaka pale ameniuliza kabla hatujaanza: "Tunashiriki vipi wakati refa ni wao?" Swali halali. Sitakudanganya kwamba watatuachia. Inawezekana kabisa fomu zilizojazwa vizuri nazo zikakataliwa. Lakini mahakamani hatuendi na hasira, tunakwenda na karatasi. Mwaka 2019 baba mdogo hakuwa na nakala, hakuwa na shahidi, hakuwa na picha ya ule mlango. Mpaka leo ninachoweza kuwaletea ni hadithi tu. Mwaka huu nataka tukinyimwa haki, tubaki na faili.

La mwisho, na hili ni gumu. Agosti vijana wenzetu walikamatwa kwa mamia Mbeya walipokwenda kwenye Siku ya Vijana, pamoja na viongozi wetu wa juu. Septemba mzee Ali Kibao alishushwa kwenye basi, akakutwa amekufa. Nisiwafiche, mama yangu leo asubuhi aliniuliza, "Lazima uende wewe?" Sikumjibu vizuri, nilisema tu nitarudi mapema. Ninaogopa. Wengi wetu tunaogopa, na anayesema haogopi mimi simwamini sana.

Kwa hiyo siji kuwaomba ushujaa. Naomba kitu kidogo. Tarehe 11 mpaka 20, kila mmoja wetu amchukue mzee mmoja, bibi yake, babu yake, jirani, ampeleke akaandikwe kwenye daftari. Usimuulize kadi yake ni ya rangi gani. Msubiri kwenye foleni. Mrudishe nyumbani. Njiani muulize mkutano wa kijiji wa mwisho ulikuwa lini, halafu nyamaza, msikilize.

Wazee wetu walilima ntumba. Unafukia nyasi, unaacha zioze, msimu unaofuata ndipo unasambaza ule udongo na kupanda ulezi. Ukija mwezi wa kwanza huoni kitu, unaona vichuguu tu. Kazi ninayowaomba ni ya namna hiyo, na hakuna atakayeipiga picha.

Wanasema Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Basi na huu wa kupita bila kupingwa tuutupe.

Mimi kesho nakwenda Laela. Baba mdogo amesema atachukua fomu tena. Bibi ameshasema tarehe 11 nimfuate saa moja asubuhi, na nisichelewe.

Pipooooz!