Paa la Mwenye Jengo, Mita ya Mpangaji: Sola katika Ofisi za Zamani za Dar es Salaam

Umeme wa jua ukitajwa, fikra zetu hukimbilia kijijini, kwenye zahanati ambayo nguzo haijaifikia. Huko sola imefanya kazi kubwa na bado inadaiwa nyingine. Leo nawaomba tubaki katikati ya Dar es Salaam, Mtaa wa Samora na Barabara ya Sokoine, kwenye majengo ya ofisi ya ghorofa nne au tano yaliyojengwa miongo mingi iliyopita. Mengi yana paa tambarare la zege lisilobeba kitu zaidi ya matangi ya maji na madishi. Nadai kwamba mapaa hayo yanaweza kuzalisha umeme bila jengo kubomolewa wala wapangaji kuhamishwa. Kinachokwamisha hakimo katika zege wala katika nyaya. Kimo katika namna tulivyogawana paa na mita.

Nianze na saa za kazi, maana ndizo zinazoipa ofisi nafasi ambayo nyumba ya kuishi haina. Nyumbani watu hurejea jua likizama, ndipo taa, televisheni na pasi huwashwa. Ofisi ya serikali hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri, na mzigo wake mzito, yaani viyoyozi, hupanda kadiri jua linavyopanda. Umeme unaozalishwa saa sita mchana hutumika saa hiyohiyo, kwa hiyo betri, ambayo ni ghali na huchakaa mapema kuliko paneli, si ya lazima. Tuchukue jengo la ghorofa nne lenye paa la mita za mraba 600. Tukiacha nusu kwa ajili ya matangi, vivuli na njia za mafundi, mita 300 zinazobaki hutosha paneli za takriban kilowati 60. Tukikadiria kwa tahadhari uniti 4 kwa siku kwa kila kilowati, tunapata uniti 240. Jengo likitumia wastani wa kilowati 50 kwa saa nane za kazi, mahitaji ni uniti 400. Sola imebeba zaidi ya nusu. Kwa jengo la ghorofa ishirini hesabu hii huporomoka, kwa kuwa sakafu zimeongezeka na paa halikuongezeka. Majengo mafupi ya zamani yana faida ambayo minara mipya ya vioo haina.

Mhandisi atauliza kuhusu uzito, na ana haki ya kuuliza. Paneli na fremu zake huwa na takriban kilo 15 kwa mita ya mraba. Tukiongeza matofali ya kuzigandamiza ili upepo usizinyanyue, tunaweza kufika kilo 40 au 50. Paa tambarare linalokanyagwa na watu, kwa kanuni za Uingereza ambazo wahandisi wetu walizitumia kwa muda mrefu, husanifiwa libebe kilo 150 hivi. Nafasi ipo, ilimradi zege lipimwe kwanza, kwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani hula nondo bila kuonekana. Matofali hayo yana faida nyingine: hakuna tundu linalotobolewa, kwa hiyo tabaka la lami linalozuia maji halijeruhiwi. Kama lami yenyewe imechakaa, irekebishwe kabla. Kufumua paneli ili kuziba paa linalovuja ni hasara ya kujitakia. Nyaya hushushwa ukutani ndani ya mabomba hadi kwenye bodi kuu ya umeme, na bodi hiyo ndiyo ya kwanza kukaguliwa katika jengo kuukuu. Paa moja sitalitetea, nalo ni la asbesto. Kulitoboa hutoa vumbi linalosababisha saratani. Liondolewe na wenye utaalamu kabla ya lolote.

Wengine watauliza: umeme ukikatika je? Inveta ya kawaida hujizima gridi inapozimika, ili isimdhuru fundi aliye nguzoni. Nakiri wazi kwamba sola isiyo na betri haiondoi kero ya kukatika kwa umeme. Hata hivyo, kikiwekwa kifaa cha kuoanisha, paneli zinaweza kusaidiana na jenereta iliyopo na kupunguza dizeli. Pingamizi zito zaidi ni la Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115: ya nini kuhangaika na mapaa? Mgawo wa umeme wa 2006 na wa 2011 ulitufundisha kwamba uwezo wa mitambo ni kitu kimoja, na kina cha maji ni kingine. Katika mwaka wa mvua haba, kila uniti inayotoka juu ya paa mchana ni maji yanayobaki bwawani kwa ajili ya jioni. Sola na maji havishindani.

Sasa nifike kwenye kiini. Paa ni la mwenye jengo, lakini umeme wa kiyoyozi unasomwa kwenye LUKU, yaani mita ya malipo ya kabla, ya mpangaji. Mwenye jengo akilipia paneli, nafuu humwendea mpangaji. Mpangaji naye, mwenye mkataba wa miaka miwili au mitatu, hawezi kugharimia kifaa cha miaka 25 juu ya paa lisilo lake. Kila mmoja ana busara yake, na paa linabaki tupu. Njia ya kwanza ni kuunganisha sola kwenye mita ya mwenye jengo, inayoendesha lifti, pampu na taa za ngazi, hata kama mfumo utakuwa mdogo. Ya pili ni kuingiza umeme wa paa katika mkataba wa pango kwa bei iliyo chini ya ile ya gridi, kwa utaratibu unaokubalika kwa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Hiyo ya pili itachukua muda, kwa sababu inadai wanasheria zaidi ya mafundi.

Kwa hiyo tuanze na majengo ya umma, ambako paa na ankara vyote ni vya mlipakodi mmoja: wizara, halmashauri, vyuo vikuu. Hapo hakuna mkataba wa pango wa kuandikwa upya. Linalotakiwa ni kupima zege, kusoma mita kila saa kwa wiki kadhaa ili mzigo wa mchana na wa Jumamosi na Jumapili ujulikane, kisha kununua paneli zinazolingana na mzigo huo, kwa fungu la matengenezo la mwaka wa fedha unaofuata.