Nafasi ya Vijana katika Uongozi wa Uhifadhi wa Mikoko

Mada hii inahusu uhifadhi shirikishi, yaani utaratibu ambao wananchi wanaoishi kando ya maliasili hushiriki kisheria katika kuilinda na kunufaika nayo, na inaangalia hasa vijana wa vijiji vya pwani ya Kenya na Tanzania vinavyotegemea misitu ya mikoko. Hoja yake ni kwamba vijana wameitwa mara nyingi kutoa nguvu zao na mara chache kutoa uamuzi: siku ya kupanda miti hujaa matopeni, lakini vikao vinavyoamua pa kupanda, nani akate boriti na fedha zitumikeje huendelea bila wao.

Athari za mgawanyo huo huonekana katika upandaji wenyewe. Kila aina ya mikoko ina mahali pake: mlilana hustahimili ukingo wa bahari unaofunikwa na maji kwa muda mrefu, mkoko wenyewe hufuata nyuma yake, mkandaa hupendelea sehemu iliyoinuka kidogo, na mchu huweza kuota hata upande wa nchi kavu penye chumvi kali. Kwa kuwa mbegu za mkoko huchipua zikiwa bado mtini na kudondoka zikiwa miche mirefu, ni rahisi kuziokota na kuzichomeka kwa wingi kwa siku moja, na ndiyo maana hupandwa hata kwenye tope tupu linalokaa chini ya maji kupita kiasi, ambako hufa. Kijana aliyeitwa kuchomeka tu hana sababu ya kurudi; lakini aliyekabidhiwa eneo, akafundishwa kulipima kwa kufuata bamvua na maji mafu, kisha akatakiwa kueleza mbele ya kijiji ni miche mingapi imesalimika, anayo. Uongozi huanzia kwenye wajibu huo wa kutoa hesabu, wala si kwenye fulana na picha.

Mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, Kaunti ya Kwale, ulioanza mwaka 2013, unaonyesha uzito wa hesabu hizo. Wanavijiji wa Gazi na Makongeni hulinda hekta 117 za mikoko na kuuza haki za hewa ukaa, yaani malipo yanayotolewa kwa kaboni iliyohifadhiwa mitini na udongoni, na mapato yamegharimia maji na mahitaji ya shule. Malipo ya namna hiyo hudai vipimo vya miti na kumbukumbu zisizo na shaka, na hiyo ni kazi ambayo vijana waliomaliza sekondari wanaiweza wakielekezwa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu usimamizi wa pamoja wa misitu ya hifadhi kati ya serikali na vijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mlango, basi, uko wazi kisheria. Kinachowazuia vijana ni mazoea, kwa kuwa wengi huona haya kusema mbele ya wazee. Heshima hiyo ni njema na haifai kubezwa, ila isigeuzwe kuwa kisingizio cha kutowauliza. Ugumu mwingine, na pengine ndio mkubwa zaidi, ni riziki. Wakataji wengi wa nguzo na kuni ni vijana wenyewe, na kumwambia kijana alinde mti uleule unaomlisha bila kumwonyesha kazi nyingine ni kumdhulumu. Asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya inayotengwa kwa mikopo ya vijana ingeweza kugharimia ufugaji wa nyuki mikokoni au unenepeshaji wa kaa, na mkataji wa jana, anayejua kila mkondo, angekuwa mlinzi hodari kuliko mgeni yeyote.

Halmashauri za vijiji zinaombwa zitenge viti vya vijana, wa kike na wa kiume, katika kamati za maliasili, na kimojawapo kiwe cha mweka hazina.