Kosa si la Mlima: Simu na Intaneti Katika Waya Mmoja

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Morogoro)



Katika mji wa Morogoro ipo desturi ya siku nyingi ya kuusingizia mlima. Mvua ikichelewa ni mlima, baridi ikizidi mwezi wa Julai ni mlima, redio ikikoroma ni mlima. Hata simu ya mezani inapovuma na intaneti kukatika, watu hutazama juu kuelekea kilele cha Lupanga, chenye meta 2,138, kana kwamba ndiko yaliko makao ya ubovu huo. Lawama hiyo haikosi chembe ya haki, kama itakavyoonekana baadaye. Lakini aghalabu kosa limo ndani ya chumba, nyuma ya meza, mahali ambapo hakuna aliyeinama kutazama.

Chukueni mfano wa ofisi ya shule. Mwalimu mkuu ameketi mbele ya kompyuta, anapeleka takwimu za wanafunzi wilayani. Simu inalia, karani anainua mkonga. Papo hapo taa ya modemu inapepesa na kuzimika, na fomu iliyokuwa imejazwa hadi ukurasa wa mwisho inapotea. Karani naye hasikii maneno ya anayepiga, bali anasikia mvumo kama wa mzinga wa nyuki. Baada ya siku chache za mashaka ya namna hiyo simu inachomolewa. Baada ya mwezi mmoja modemu nayo inafungiwa kabatini, na mwalimu mkuu anaanza kutuma takwimu za serikali kwa simu yake ya mkononi, kwa kifurushi alichokinunua kwa mshahara wake. Hasara hiyo haiandikwi katika daftari lolote la mali ya umma, wala hakuna mkaguzi atakayeiona. Hata hivyo ni hasara, tena chanzo chake huweza kuwa ni kukosekana kwa kijisanduku kidogo kuliko kiberiti viwili.

Ili jambo hili lieleweke barabara, hapana budi kujua waya wa simu unabeba nini. Simu ya waya wa shaba ilitengenezwa kwa ajili ya sauti ya binadamu, nayo hutumia masafa ya chini tu, yasiyozidi kilohezi 4. Juu ya hapo waya ulikuwa mtupu kwa zaidi ya miaka mia moja, kama barabara pana inayopitwa na baiskeli pekee. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mhandisi Joseph Lechleider wa maabara ya Bellcore nchini Marekani alionyesha kwamba sehemu hiyo tupu ingeweza kubeba habari nyingi kwa kasi, hasa iwapo njia ya kumletea mteja habari itapanuliwa na ile ya kupeleka habari zake itapunguzwa. Hiyo ndiyo asili ya ADSL. Katika mfumo huo sauti hubaki chini ya kilohezi 4, habari zinazotoka kwa mteja hupita kuanzia karibu kilohezi 26 hadi 138, na zinazomjia hupita juu ya hapo hadi 1,104.

Kwa hiyo simu na intaneti hazigombani kwa asili. Kila moja ina ghorofa yake katika nyumba moja. Ugomvi huletwa na chombo cha simu chenyewe, ambacho hakijui kwamba kuna mpangaji wa juu. Kikiachwa wazi kwenye waya, hunyonya mawimbi ya intaneti na kuyageuza kuwa mvumo masikioni. Nacho kinapolia, umeme wa kengele hupita wenye nguvu ya volti zipatazo 75 hadi 90. Na mkonga unapoinuliwa, volti 48 za waya uliotulia huporomoka ghafula. Mtikisiko huo huishtua modemu, ikapoteza mshiko wake, ikalazimika kuanza upya kupatana na mtambo wa kituo cha simu. Ndipo taa inapopepesa.

Dawa yake ni kichujio. Ndani yake mna koili na kapasita, vitu vya kawaida ambavyo mwalimu yeyote wa fizikia wa sekondari anaweza kuvichora ubaoni, navyo huruhusu masafa ya sauti yapite na kuyazuia yale ya juu. Inafaa kichorwe kweli ubaoni, kwa sababu wanafunzi wengi hufundishwa koili bila ya kuonyeshwa hata mara moja kazi yake.

Kanuni ya kukitumia ni fupi: kila chombo kinachotumia sauti kipitie kwenye kichujio, na modemu isipite. Neno “kila” ndilo linalosahauliwa. Ofisi huweka kichujio kwenye simu ya mezani ya mkuu, ikasahau ile ya pili iliyo chumba cha karani, na mashine ya faksi iliyofunikwa kitambaa kwa miaka mingi ingali imechomekwa ukutani, na kengele ya kuzuia wezi ambayo hupiga simu yenyewe inapoguswa. Chombo kimoja tu kisicho na kichujio chatosha kuharibu waya mzima. Wengine hukosea kinyume chake: huichomeka modemu upande wa simu wa kichujio, kisha wakalalamika kwamba intaneti haipatikani kabisa. Wapo pia wanaounganisha vichujio viwili kwa mfuatano wakidhani kinga itakuwa maradufu, kumbe sauti hufifia na simu nyingine zikakataa kulia.

Penye simu nyingi, njia iliyo bora ni kuweka kigawanyaji kimoja mahali waya unapoingia jengoni. Hapo njia hugawanyika mara moja: mmoja kwenda kwenye modemu, mwingine kwenda kwenye simu zote. Kazi hiyo yataka fundi, lakini ikifanywa mara moja hakuna tena haja ya kumkagua kila karani. Jambo hili lina uzito zaidi katika ofisi kongwe, ambazo nyaya zake za ndani zilivutwa ili kupitisha sauti peke yake, nazo zimeongezewa matawi kila meza ilipohamishwa. Tawi lililoachwa likining'inia bila simu hurudisha mawimbi nyuma kama mwangwi, na modemu huusikia mwangwi huo kama kelele.

Jaribio la kutambua kosa halihitaji chombo chochote. Chomoa kila kitu kwenye waya, uache modemu peke yake, uitazame kwa saa moja. Ikitulia, rudisha simu ya kwanza pamoja na kichujio chake, kisha ya pili, na kuendelea. Chombo kitakachorudisha ubovu ndicho chenye kesi ya kujibu. Kisha fanya kinyume chake: zima modemu, uinue mkonga na kusikiliza. Mvumo ukikoma modemu inapozimwa, kosa ni la kichujio. Mikwaruzo ikiendelea hata modemu ikiwa imezimwa, kosa ni la waya, na hapo ndipo mlima unaporudi kwenye mazungumzo.

Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vya juu hupita meta 2,600, hukamata mawingu yatokayo baharini. Mteremko wa mashariki ndio upatao mvua nyingi zaidi, lakini hata mji ulio chini yake kaskazini haukosi unyevu wakati wa masika. Maji yakipenya kwenye kiungo cha waya, shaba huota kutu ya kijani, na mikwaruzo husikika kila baada ya mvua, kisha hupungua jua likiwaka siku mbili tatu. Ubovu unaofuata majira ya mvua hautibiwi kwa kichujio hata vikinunuliwa kumi. Huo ni wa fundi wa nje, na ofisi inapoutolea taarifa inafaa iandike kwamba simu hukwaruza hata modemu ikiwa imezimwa. Sentensi hiyo moja humwokolea fundi safari ya kuja kukagua soketi isiyo na kosa. Radi nayo haizuiwi na kichujio. Wakati wa ngurumo modemu ichomolewe kwenye umeme na kwenye waya wa simu pia.

Umbali nao ni mpaka usiobembelezeka. ADSL hufanya kazi vizuri mteja akiwa katika kilometa mbili hivi za waya kutoka kituo cha simu, na ikifika kilometa tano huwa hoi. Tena zinazohesabiwa ni kilometa za waya wenyewe, unaozunguka mitaa na kupanda miteremko, kwa hiyo nyumba inayoonekana iko karibu huweza kuwa mbali. Kuhusu Mgeta na Matombo, haikuwezekana kamwe kuwapelekea watu wa huko intaneti kwa waya wa shaba kutoka mjini, na asilaumiwe fundi kwa jambo hilo.

Yako mambo yaliyobadilika. Mwezi wa Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka huo huo ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza. Palipofikishwa nyuzi za kioo hadi mlangoni, ugomvi wa simu na modemu umekwisha, kwa kuwa mwanga haunyonywi na mkonga wa simu wala haujali kutu. Ofisi iliyohamia huko haina haja ya kichujio hata kimoja, na vile vya zamani vikiachwa kwenye soketi havifanyi kazi yoyote.

Lakini ofisi hiyo ijiandae kwa jambo moja ambalo watumiaji wa zamani hawakulijua. Simu ya waya wa shaba hupata umeme wake kutoka kwenye betri za kituo cha simu, na ndiyo maana iliendelea kulia hata mji mzima ulipokuwa gizani. Simu iliyochomekwa kwenye kisanduku cha mkongo hutumia umeme wa jengo lenyewe. Umeme ukikatika usiku bwenini, na mtoto akawa mgonjwa, simu hiyo itakuwa kimya isipokuwa kama pamewekwa betri.