Mshenga Bado Ana Kazi



Nimetakiwa nizungumzie posa na ndoa. Nadhani ni kwa sababu hapa Kihesa nimekwisha kutumwa ushenga mara nne, na mara moja nilirudi mikono mitupu. Hiyo moja ndiyo yenye maneno.

Wahehe wa zamani walihesabu mahari kwa majembe na mifugo. Siku hizi ni fedha, ingawa orodha bado ina blanketi la bibi, na kwa baridi yetu ya Juni sijaona mshenga wa kuomba lifutwe. Mshenga hupeleka barua ya posa, hungoja jibu, kisha huenda kupatana. Kijana mwenyewe kimya. Najua wengi wenu, mnaochumbiana kwa simu, mnamwona mzee huyu kuwa ni gharama ya soda tu.

Basi, siku ile baba wa binti alitaja mahari iliyopita mshahara wa mwaka mzima wa kijana wangu. Nikaomba, hakushuka hata shilingi. Nikaomba tena, safari hii binti aitwe aulizwe. Akaja, akasema kwa sauti ndogo lakini wazi kwamba hataki. Anataka kwanza amalize chuo cha ualimu. Kumbe baba alikwisha jua, na ile bei ilikuwa njia yake ya kusema hapana bila kututukana. Tulikunywa ulanzi wao tukaaga. Mpaka leo nyumba hizo mbili zinazikana. Angekwenda kijana mwenyewe na hasira zake, ugomvi ungesikika hadi Ipogolo.

Wajapani nao wanaye mtu huyu, humwita nakodo. Kikao cha kuwakutanisha vijana ni miai, na zawadi za uchumba, pamoja na fedha ndani ya bahasha ya heshima, ni yuino. Katiba yao iliyoanza kutumika 1947 iliweka ndoa juu ya hiari ya wawili wenyewe, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 wanaochaguana wamewazidi wanaokutanishwa. Nakodo akawa adimu. Watoto wanaozaliwa wakazidi kupungua, hata mwaka 2024 serikali ya jiji la Tokyo ikaanzisha programu yake ya simu ya kutafutia wachumba. Mshenga alipoondoka, kazi yake ikaangukia serikali!

Kwetu, Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai hiari ya wote wawili. Inasema pia kwamba ndoa iliyotimiza masharti yake haibatiliki kwa sababu desturi ya mahari haikufuatwa. Wazazi wengi hawapendi kusikia hivyo. Na zawadi iliyotolewa kwa sharti la ndoa yaweza kudaiwa mahakamani ndoa isipofungwa, kwa hiyo mimi huandika kila kitu katika daftari, hata vitenge.

Vijana, jambo moja halipatani. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inampa miaka 30 jela anayeoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari. Kwa posa ya namna hiyo msibishe hodi kwangu. Kwa nyingine nipo, ila kabla sijavaa koti nitauliza kama binti mwenyewe ameulizwa.