Taarifa za Lindo la Barua Pepe

Tarehe 2 Mei 2024 vyombo vitatu vya serikali ya Marekani, yaani Wizara ya Mambo ya Nje, shirika la upelelezi la FBI na shirika la usalama la NSA, vilitoa onyo la pamoja. Onyo hilo lilihusu kikundi cha Kimsuky cha Korea ya Kaskazini, kilichokuwa kikiwaandikia wataalamu wa siasa za nje barua pepe zilizoonekana kutoka kwa waandishi wa habari na wanazuoni wanaoheshimika. Kikundi hicho kilitumia udhaifu wa taasisi ambazo hazikuweka lindo juu ya majina yao, au ziliweka lindo na kuliamuru litazame tu.

Wasikilizaji walio katika majeshi na polisi wataliona jambo hili upesi. Barua pepe ni kama bahasha, na mtu yeyote aweza kuandika jina la mwenziwe mgongoni mwake. Kikoa, yaani lile jina linalofuata alama ya @, ndicho kinachomfanya karani aamini kwamba agizo limetoka Makao Makuu. Ikiwa mhalifu aliye ng'ambo anaweza kuliandika jina hilo apendavyo, basi agizo la kulipa fedha, au la kueleza kikosi kipo wapi, litaonekana halali machoni pa karani mtiifu kuliko wote.

Kinga zipo tatu. Ya kwanza, SPF, ni orodha ya mashine zilizoruhusiwa kutuma barua za kikoa. Ya pili, DKIM, ni muhuri unaogongwa juu ya barua na kuhakikiwa na mpokeaji. Ya tatu, DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012, hutaka jina lililothibitishwa kwa orodha au kwa muhuri liwe ndilo hilo hilo analoliona msomaji wa barua. Kisha huwapa wapokeaji wa dunia nzima amri moja kati ya tatu: barua isiyothibitika itazamwe tu, iwekwe kando, au ikataliwe langoni. Tena huwaomba wapokeaji hao walete taarifa kwa mwenye jina.

Taarifa hizo, kwa kawaida, huja mara moja kila siku kutoka kwa wapokeaji wakubwa kama Google na Yahoo. Hazina maneno ya barua zenyewe. Zinataja anwani ya mashine iliyotuma, idadi ya barua, kama orodha na muhuri vilikubali au vilikataa, na hatua iliyochukuliwa. Ni kitabu cha matukio cha kituo, isipokuwa kimeandikwa kwa alama za kusomwa na mashine, na hapo ndipo maofisa wengi hukata tamaa na kuziacha zirundikane. Programu za kuzipanga ziwe jedwali zipo, nyingine bila ya malipo, kwa hiyo udhuru huo hauna nguvu.

Anayesoma asidhani kwamba kila aliyeshindwa kujitambulisha ni adui. Mara nyingi wa kwanza kuonekana ni watu wa nyumbani: kampuni iliyopewa kazi ya kutuma hati za mishahara, au mashine ya zamani ya ofisi ya uandikishaji ambayo hakuna aliyekumbuka kuitia katika orodha. Hao huongezwa katika orodha na kupewa muhuri. Wa pili ni wapitishaji. Sajini mstaafu ameagiza barua zake zote zihamishiwe anwani nyingine. Mashine inayozihamisha haimo katika orodha, kwa hiyo SPF hushindwa, lakini muhuri hubaki mzima maadamu barua haikuguswa njiani. Kwa sababu hiyo taasisi inayotegemea orodha peke yake, bila ya kugonga muhuri, inajitafutia matata.

Waliobaki ndio wa kuchunguzwa. Mashine isiyojulikana, isiyo na muhuri, iliyotuma barua mia tano usiku mmoja kwa jina la taasisi, haina haja ya kujadiliwa sana. Hata hivyo si busara kuirudishia mapigo, maana yaweza kuwa ya raia asiyejua kwamba imetekwa. Jibu ni kupandisha amri, kutoka kutazama hadi kuweka kando, na kutoka hapo hadi kukataa.

Makosa hapa ni mawili. Wako wanaofunga lango siku ya kwanza, hati zao wenyewe za mishahara zikakataliwa. Wako pia wanaotazama miaka mitatu bila ya kusoma, na hao ndio waliowafaa Kimsuky. Agizo la Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani la Oktoba 2017 lilizipa idara za kiraia za serikali kuu siku 90 za kuweka DMARC na kuanza kupokea taarifa, na mwaka mmoja kufikia amri ya kukataa. Muda ulio katikati ulikuwa wa kusoma na kusahihisha.

Yako pia majina yasiyotumika. Mwaka 2018, kwa maelezo ya kituo cha usalama wa mtandao cha Uingereza, mhalifu alijaribu kutuma barua zaidi ya 200,000 akijifanya uwanja wa ndege, kwa anwani ya serikali ambayo haikuwapo kabisa. Barua hizo hazikuwafikia waliokusudiwa. Kikoa cha mradi uliokwisha, au cha kampeni ya mwaka juzi, hakina barua halali za kupotea. Hicho hakihitaji kusubiri taarifa. Chaweza kupewa amri ya kukataa siku hiyo hiyo, kwa mstari mmoja katika daftari la majina.